Je, Yafaa Wakristo Kukaa na Kusoma Habari za Mauaji?



Mwezi uliopita, baada ya ibada ya pili, tulikaa na wenzetu wachache chini ya mwarobaini ulio nyuma ya kanisa, tukatoa shauri kwamba kikundi chetu cha kusoma, kikiisha kumaliza kijitabu cha Kwaresima, kisome riwaya. Neno riwaya lilipita salama. Lakini tulipoeleza kuwa ni riwaya ya upelelezi, na kwamba ndani yake mna mtu ameuawa, mzee mmoja wa kanisa alivua kofia yake, akaikung'uta vumbi gotini, akatuuliza, "Mwalimu, mtu amekufa, na sisi tukae tustarehe?" Kabla hatujajibu, mama mmoja wa Umoja akaongeza kwamba kitabu chenyewe kina mzimu katika jina lake, tena kimeandikwa na Mwislamu wa Unguja, je, tumekosa vitabu vyetu?

Siku ile hatukuwa na jibu la maana. Kasisi wetu, ambaye hupenda mabishano yaishie kwenye karatasi, akasema tuandike katika gazeti la mtaa. Basi tumeandika, na tunaomba radhi ikiwa maneno yatakuwa mengi. Mwalimu mstaafu akipewa kalamu ni kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Kitabu tunachokitaka ni Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla. Mwandishi huyu alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafariki mwaka 1991. Kwanza alikuwa bwana afya kwa miaka kumi hivi, kisha akawa mhariri wa magazeti, Zanzibari na baadaye Mkulima. Sisi twaona kazi ile ya ubwana afya ndiyo iliyomfundisha upelelezi, kwa kuwa bwana afya huingia uani kwa mtu, hutazama mtungi, hutazama choo, na huamini macho yake kuliko maneno ya mwenye nyumba. Riwaya hiyo ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 hadi 1958, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, nayo ikachapwa mwaka 1960. Baada yake aliandika nyingine, kama Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu na Siri ya Sifuri, lakini hii ndiyo ya kwanza na ndiyo tunayotaka kuanza nayo. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mvuta kiko kama yule Sherlock Holmes wa Waingereza, naye huandamana na rafiki yake Najum, ambaye huyaona yale yale anayoyaona mwenzake lakini hayamwambii kitu.

Mwandishi hakukusudia kuandika historia. Aliandika habari za Unguja ya siku zake, Unguja ya Sultani na Mwingereza, ya wenye mashamba na watu wanaowafanyia kazi. Lakini Mapinduzi ya Januari 1964 yaliufunga ulimwengu ule, na leo kijana wetu wa kidato cha nne akikisoma kitabu hiki anasoma mambo ya kale, kama sisi tulivyosoma habari za misafara ya pembe. Ndiyo maana twakiita riwaya ya historia, ingawa miaka ndiyo iliyoifanya hivyo, siyo mwandishi.

Habari yenyewe hatutaisimulia. Yatosha kusema kwamba mtu mwenye mali amekutwa amekufa penye mzimu, mahali ambapo watu wengi huogopa hata kupita. Na hapo ndipo jibu letu kwa yule mama linapoanzia, kwa kuwa mtu akifa mahali kama pale, jibu huwa tayari midomoni mwa watu kabla maiti haijafunikwa. Mzimu umemchukua. Basi, shauri limekwisha. Nani atakayekwenda kuuhoji mzimu? Bwana Msa halikubali jibu hilo. Yeye huuliza maswali madogo madogo ya kuudhi, nani alikuwa wapi, nani alipata nini, nani amesema jambo hili jana na leo amelibadili. Mwaka 1929 huko Uingereza, Ronald Knox, mtoto wa Askofu wa Kianglikana wa Manchester, ambaye mwenyewe alikuja kuwa padre wa Kirumi, aliandika kanuni kumi za hadithi za upelelezi, na mojawapo ilikuwa hii, kwamba nguvu za mizimu na mambo ya namna hiyo hazikubaliwi kamwe kuwa ufumbuzi. Kwa hiyo, mama yetu mpendwa, jina la mzimu lililo juu ya jalada lisikutishe.

Nasi tunaoishi chini ya milima hii twahitaji kitabu cha namna hiyo kuliko watu wa mbali. Sote twajua mahali ambapo wazee wetu waliabudu, na twajua watu wanaopita hapo hata leo wakiharakisha miguu, Jumapili wakiwa kanisani pamoja nasi. Milimani husimuliwa habari za watoto vigego, walioanza kuota meno ya juu, na jinsi hapo kale walivyotolewa wafe ili balaa isiingie katika ukoo. Mtoto yule alishitakiwa, akahukumiwa na kuadhibiwa kabla hajajua kusema neno moja. Wala tusijidanganye kuwa mambo hayo yamekwisha na watu wa kale. Huko Usukuma vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, nayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni za kuwapikia wajukuu wao. Tangu mwaka 2007 nchi nzima imeona haya kwa mauaji ya ndugu zetu albino. Na hapa petu, kwenye matanga, nani hajasikia mtu akiuliza kwa sauti ya chini, "Nani amemfanya?" Hata marehemu awe na miaka tisini na presha ya siku nyingi, lazima apatikane aliyemfanya. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inamhesabia kosa anayemwita mwenzake mchawi, lakini sheria haihudhurii matanga.

Yule mzee aliuliza kama yafaa kustarehe kwa habari ya mauti. Tumelifikiri swali lake kwa mwezi mzima, na tumeona kwamba lingekuwa na nguvu zaidi kama Biblia yenyewe isingekuwa na upelelezi ndani yake. Katika vile vitabu vya Apokrifa, ambavyo Kanisa letu katika Kanuni ya Sita limeagiza visomwe kwa mfano wa maisha na mafundisho ya mwenendo, ingawa si kwa kuthibitisha imani, mna habari ya Susana. Wazee wawili, waamuzi wenye heshima, walimshitaki kwamba wamemwona bustanini na kijana chini ya mti, na mkutano wote ukaamini, maana nani atawabishia wazee wawili? Danieli aliwatenga, akamwuliza kila mmoja peke yake, mti gani? Mmoja akataja mti huu na mwingine mti ule. Swali moja tu la kijana likaokoa maisha ya mwanamke. Kisha katika habari ya Beli, huyo huyo Danieli alinyunyiza majivu sakafuni hekaluni usiku, na asubuhi nyayo za makuhani, za wanawake na za watoto zikaonyesha ni nani hasa aliyekuwa akila chakula cha mungu. Mzimu haukula kitu. Walikula watu.

Twaona pia kwamba Mungu mwenyewe, ajuaye yote, alimwuliza Kaini kwanza. Hakuwa na haja ya kuuliza. Hata hivyo aliuliza, akampa nafasi ya kujibu.

Kuhusu kwamba mwandishi ni Mwislamu, hatutasema mengi. Askofu Steere wa Unguja alichapisha mwaka 1870 kitabu kizima cha hadithi zilizosimuliwa na watu wa Unguja, na hakuna aliyesema ameliharibu Kanisa. Na huko Uingereza, Dorothy Sayers, binti wa kasisi wa Kianglikana, aliandika riwaya za upelelezi kwa miaka mingi, na ni yeye yule aliyeandika michezo ya redio juu ya maisha ya Bwana Yesu, iliyotangazwa na BBC mwaka 1941 na 1942. Mkono mmoja uliandika yote mawili.

Twajua pia mnavyotania, kwamba Mpare hahitaji kitabu cha kumfundisha kesi, kwa kuwa Mpare huuza ng'ombe kumi ili ashinde kesi ya kuku mmoja. Ni kweli twapenda kesi. Lakini tazama historia yetu. Mwaka 1945 babu zetu waliteremka kutoka milimani kwa maelfu wakaja kukaa hapa hapa Same kuipinga kodi ya mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Waliyokataa ni namna ile ya kukadiria mali ya mtu na kumtoza kila mmoja kwa kadiri ya makisio hayo. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mtoto wa milima hii, aliandika kitabu kuhusu jambo hilo. Basi watu waliokaa juani kwa sababu ya makisio ya kodi, wajukuu wao wawezaje kukubali makisio ya uchawi?

Sasa tumefika mahali pagumu. Kama tungeishia hapo juu, maneno yetu yangekuwa ya mtu anayewaonyesha wenzake vibanzi.

Mwaka 1986 tulikuwa tunafundisha katika shule moja ya msingi huko juu. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa kosa halikuwa la shule bali letu. Tulikuwa na miaka michache tu tangu tutoke chuo cha ualimu, tukiwa na chaki mpya na hakika nyingi. Wazazi walichanga shilingi 460 za kununua jezi na mpira, nasi tukazitia katika mtoto wa meza ofisini. Siku ya tatu tulivuta mtoto wa meza, fedha hazipo. Mvulana mmoja wa darasa la sita ndiye aliyekuwa zamu ya kufagia ofisi wiki ile. Kaka yake alikuwa amefungwa kwa wizi wa kahawa. Hatukuuliza swali la pili. Tulimwuliza ameziweka wapi, akasema hajui. Tukamwuliza tena, akasema hajui. Na kule kusema hajui mara mbili bila kulia tukakufanya ushahidi wa ukaidi. Alichapwa mbele ya shule nzima, paredi ya asubuhi, na mkono uliomchapa ni huu unaoandika. Baba yake alilipa zile fedha kwa kuuza mbuzi. Mvulana hakurudi shuleni. Tulisikia ameteremka kufanya vibarua katika mashamba ya mkonge, njia ya Tanga.

Mwaka 1989 meza ile ililegea mguu, tukamwita fundi seremala. Alipomtoa mtoto wa meza wote, bahasha ilianguka chini. Ilikuwa imeteleza nyuma, ikashikwa kati ya ubao na ubao. Shilingi 460, hazikupungua hata senti.

Fedha tuliirudisha kwa baba yake. Tulimwambia ilipoonekana, naye akashukuru, tena akatupa tangawizi ya kwenda nayo nyumbani, jambo ambalo lilituumiza kuliko kama angetutukana. Mvulana mwenyewe hatukumwona mpaka mwaka 2009, kwenye stendi ya mabasi hapa Same, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, akipakia magunia. Alitutambua kwanza. "Shikamoo mwalimu." Tukaitika marahaba kwa sauti isiyotoka vizuri, tukamvuta pembeni, tukamweleza yote na kumwomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema habari ya bahasha aliisikia siku nyingi kwa baba yake, na kwamba ameshatusamehe. Kisha akauliza, bila hasira yo yote, "Na wale wengine mliwaambia, mwalimu?"

Hatukuwa tumewaambia. Watoto mia tatu na zaidi walimwona akichapwa kama mwizi, na hakuna hata mmoja aliyesikia kutoka kwetu kwamba hakuiba. Wengine wao leo ni wazazi katika mtaa huu huu na wanasoma gazeti hili. Basi wasikie sasa: hakuiba. Hakukuwa na wizi.

Tumeieleza habari hii pia kwa sababu inatuonyesha mahali ambapo Bwana Msa naye hatutoshi, na jambo hili twataka likibishaniwe katika kikundi. Katika riwaya za upelelezi mwenye hatia huwapo sikuzote. Mwandishi amemficha, nasi twajua yumo ndani ya kurasa, na utamu wote ni kumtafuta. Msomaji aliyezoea hivyo aweza kutoka kitabuni akidhani kwamba kila jambo baya lina mtu wake, akatafuta mpaka ampate, na akimkosa atamtengeneza. Sisi ofisini mwaka ule tulikuwa wapelelezi wabaya kuliko Najum. Tuliuliza nani ameiba, tukaliruka swali lililopaswa kutangulia, je, zimeibwa? Na kwenye matanga ni hivyo hivyo. Watu hutafuta nani aliyemfanya kabla hawajauliza kama kuna aliyemfanya.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, imo amri ambayo haisomwi mara nyingi kanisani. Maiti ya mtu aliyeuawa imeonekana kondeni, na muuaji hajulikani. Wazee watoke, wapime umbali toka ile maiti mpaka miji iliyo karibu, na wazee wa mji ulio karibu zaidi watwae mtamba, wateremke naye bondeni kwenye maji, wanawe mikono yao na kuomba mbele za Mungu. Twaona ajabu kubwa katika amri hii. Haisemi kamata maskini mmoja ili shauri lifungwe. Haisemi piga ramli. Inakubali kwamba mengine hayatajulikana, na bado haiwaachi wazee wa mji waende zao kana kwamba haikuwahusu. Wapime, wateremke, wanawe, waombe. Hakuna riwaya ya upelelezi iliyoweza kuishia hivyo, maana wasomaji wangedai fedha yao.

Kwa hiyo, mzee wetu, swali lako ni la haki. Kusoma habari ya mtu aliyeuawa kwa kufurahia damu hakufai, na vitabu vya namna hiyo vipo tele stendi. Lakini aliyeuawa katika kitabu hiki hakuachwa alale hivi hivi na kusahauliwa kwa kisingizio cha mzimu. Mtu amehangaika kujua kilichompata. Hiyo nayo ni heshima kwa maiti. Na starehe tutakayoipata ni ile ya kugundua tulivyokuwa na hakika juu ya mtu fulani katika sura ya tatu, na kuona haya katika sura ya mwisho, mahali ambapo haya yetu haimdhuru mtu.

Njia ya kusoma tumeifikiri. Wale wa umri wetu mnakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, jinsi watu walivyokusanyika kuizunguka redio moja, mmoja akasoma kijitabu kwa sauti, kisha wakajadiliana na kwenda kuchimba choo. Sisi tulikuwa darasa la sita, na kazi yetu ilikuwa kumsomea bibi. Inasemekana watu karibu milioni mbili walishiriki nchi nzima. Basi tufanye vivyo hivyo. Mmoja asome kwa sauti, vijana wasome sehemu za mazungumzo, na wazee wasioona vizuri wasikilize, kwa kuwa huenda masikio yao yakakamata uongo mapema kuliko macho yetu.

Tukikaribia mwisho tutasimama. Kila mtu ataandika kwenye karatasi jina la anayemdhania na sababu yake, karatasi zitiwe ndani ya sahani ya sadaka iliyo tupu, na Kasisi azitunze. Asiye na mtu wa kumdhania aandike "sijui", na isihesabiwe kuwa ni uvivu. Tutamalizia kitabu wiki inayofuata, kisha tutazisoma karatasi zote kwa sauti, pamoja na ya Kasisi.

Tutaanza Jumapili ya pili baada ya Pasaka, saa nane mchana, chini ya mwarobaini ule ule. Makande yatakuwapo. Nakala tulizo nazo ni mbili tu, na moja haina jalada. Walutheri na Wasabato majirani zetu wanakaribishwa, na Waislamu pia, hasa kama yuko aliyekaa Unguja na aweza kutueleza maneno ya kule yanayotushinda sisi watu wa bara. Mwenye nakala ya zamani sandukuni ailete, ila tafadhali, kama amekwisha kuisoma, asimwambie mtu.